Fundi wa Piano Asiyeiamini Klarineti Baridi

Saa moja asubuhi, Jumapili, Heike Döhler ameinamia piano katika ukumbi mdogo wa Meiningen, mji wa Ujerumani, koti bado mwilini. Kipimajoto kinasoma nyuzijoto kumi na tano. Anagonga noti, anasikiliza, anakaza pini kwa spana, anagonga tena. Piano hii ina nyuzi zaidi ya mia mbili.

Saa mbili na nusu anaingia Volkmar Reuß, mpiga klarineti wa mji huu kwa miaka thelathini na minane. Saa tano ataaga jukwaa kwa sonata, utungo wa sehemu kadhaa, ya karne ya kumi na tisa, yeye na mpiga piano tu. Anaunganisha vipande vya klarineti, ala yake ya mti, anapuliza noti ya *la*.

"Heike, sauti ya piano yako iko juu. Ishushe."

"Sishushi hata uzi mmoja."

"Mama wee, wanaokuja leo wananisikiliza mimi!"

"Na mti wako umelala garini usiku kucha, baridi imeushusha sauti. Kaupashe moto kwanza, bwana, ndipo uje kunishitaki."

Heike, 59, ana sababu. Mwaka 1994, katika ukumbi huu huu, Volkmar alimwambia maneno hayo hayo, naye akatii. Watu walipojaa, joto likapanda, na sauti ya klarineti ikapanda nalo. Piano ikabaki chini ilikoshushwa. Sehemu ya pili, ile ya polepole, ikaharibika yote. Ili aishushe sauti, Volkmar alivuta kiungo cha klarineti mpaka kikakaribia kuchomoka.

"Nilikuwa nyuma ya mlango," anasema Heike. "Hakuna aliyekohoa. Hapo ndipo nilipojua wote wamesikia."

Lawama zilimwangukia Heike, na kumbi nne zikamwacha. Kwa miaka kumi na mmoja Volkmar hakumpigia simu, na Heike aliishi kwa piano za shule na za makanisa. Siku hizi hulipwa yuro 120 kwa piano moja. Kwa onyesho hili la mwisho, Volkmar alimtaka yeye kwa jina.

Volkmar anapiga mazoezi dakika ishirini kando ya kipasha joto, kisha anapuliza tena.

"Bado niko chini. Unywele mmoja."

"Huo unywele ni wa watu. Wakikaa na joto lao, wewe na piano mtakutana."

"Na tusipokutana?"

"Hutakuwa na onyesho jingine la kuninyima."

Volkmar anacheka, lakini peke yake.

Saa tano watu mia moja na themanini wameketi. Heike yuko nyuma ya mlango, spana mfukoni. Sehemu ya polepole inaanza. Klarineti inashika noti ndefu. Piano inaingia chini yake. Heike anategea ahesabu mapigo, ule mtetemo unaosikika sauti mbili zisipolingana, kama afanyavyo kazini.

Hakuna la kuhesabu.

Baadaye, mbele ya sahani ya soseji na madonge ya viazi, anataja mpango wake: mwakani, akitimiza sitini, atakata tiketi na kuketi ndani na wasikilizaji, si nyuma ya mlango.

"Na spana?" anauliza Volkmar.

"Itabaki nyumbani."

"Muongo wewe."

"Basi, kwenye mkoba. Lakini nitakaa."