Meno Yangu na Tarumbeta la Krismasi

Mimi Eliud Nanyaro, mzee wa miaka sitini na mbili, mwenye migomba, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja mkorofi huku juu ya Usa River, nilivunja meno yangu mawili ya mbele kwa kung'ata waya. Nimeanza na hilo kabisa, maana akisimulia mke wangu ataongeza chumvi. Praizi ya kukatia waya ilikuwa sebuleni, mezani, hatua kumi tu. Mimi niko juu ya ngazi kwenye mparachichi, nikajiuliza, nani ashuke? Nikaung'ata. Kra! Nikabaki na waya mkononi na meno kwenye ulimi.

Mwenye makosa ni jirani yangu Lerionka. Siyo, lakini niacheni nimlaumu kidogo. Mwaka jana alizungushia nyumba yake taa za Krismasi, zilizobaki akazifunga kwenye zizi, ng'ombe wake wakawa wanalala kama watalii. Watu wakitoka kanisani wanasimama pale kupiga picha, wakifika kwangu wanapita tu kwenye giza. Roho iliniuma, sidanganyi. Kwa hiyo mwaka huu nikashuka Arusha mjini, nikanunua taa za rangi nne zenye kile kidude kinachoimba nyimbo za Krismasi kwa sauti ya mbu. Kufika nyumbani, ni fupi. Nikasema niziunge na zile za zamani ambazo panya alizila plagi. Yaliyofuata mnayajua. Na baada ya yote hayo ziliwaka nusu, tena nusu ya upande wa nyuma ambako hapiti mtu.

Kwa mtu mwingine meno mawili si kitu. Atakula mtori, maisha yataendelea. Lakini mimi ni mpiga tarumbeta wa usharika, na tarumbeta bila meno ya mbele ni bomba tu.

Kwetu Krismasi haianzii kanisani. Inaanza alfajiri, wapiga matarumbeta tunapopanda mpaka kwa Bibi Elieshi, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote waliobaki. Tunasimama getini kwake, mmoja anaanza wimbo peke yake, ubeti mzima. Bibi akishatoka mlangoni ndipo wengine wanaingia, halafu tunashuka nyumba kwa nyumba tukiamsha watu mpaka kanisani. Huyo mmoja ni mimi, mwaka wa thelathini na moja huu. Sijawahi kuwa mwenyekiti wa chochote. Kwenye kikao cha ukoo nikisimama kuongea, watu wanakumbuka kwenda chooni. Lakini alfajiri ile, kwa ubeti mmoja tu, huku kwetu kote wananisikiliza mimi, na nisiwe mnafiki, napenda mno.

Wala siupigi sawasawa. Mstari wa tatu una sauti ndefu, na pumzi yangu haifiki mwisho. Kwa hiyo nasimama katikati, navuta hewa, naendelea. Bariki, mwalimu wetu wa muziki, kila mwaka ananifungulia kitabu. "Mzee Eliud, hapa hakuna kituo." Namjibu kwamba aliyeandika hicho kitabu hajawahi kupanda kwa Bibi Elieshi kwa miguu.

Sasa, siku chache kabla ya habari ya waya, Bariki alisema kwenye mazoezi kwamba mwaka huu aanze Anneth. Anneth ni binti yangu wa mwisho, anafungasha maua kwenye shamba moja huko chini Usa. Nilimfundisha tarumbeta mwenyewe, na ananishinda. Najua, wanajua, hata ng'ombe wangu anajua, maana Anneth akipiga ndipo anapotulia. Lakini nilivyosikia hivyo nikawaka. "Mimi nikiwa hai? Nikifa mtafanya mnavyotaka!" Anneth akatazama viatu vyake. Nikabeba tarumbeta langu nikaondoka hata sala ya kufunga haijasaliwa.

Baada ya maneno makubwa kama hayo, unarudije kwa watu na kusema umeng'ata waya? Nikaamua kufunga mdomo mpaka Mungu afanye njia. Tatizo ni kwamba huku vijana wanaamkia. Kila hatua kumi, "Shikamoo mzee." Na marahaba haitoki ukiwa umefunga mdomo, nimejaribu. Nikawa natikisa kichwa tu na kupita. Mzee mzima asipoitikia shikamoo, huku kwetu hiyo ni habari. Mpaka jioni ilishaenea kwamba mzee Eliud amenuna, hataki hata salamu, kisa wimbo.

Kesho yake wakaja. Bariki na wazee wa kanisa wawili, na sukari kilo mbili na majani ya chai. Waliketi sebuleni kwangu, kofia magotini. "Mzee wetu, tumekukosea. Tusamehe. Utaanza wewe kama siku zote." Mimi nimeziba mdomo kwa leso, macho yananitoka, nao wakadhani nalia kwa uchungu. Huko jikoni mama Anneth, ambaye alishajua kila kitu tangu nilipokataa mahindi ya kuchoma, amejisokomeza khanga mdomoni asisikike akicheka.

Anneth alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Baba aanze. Mimi nitasubiri." Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Pale pale ningefungua mdomo wangu niseme ukweli, mambo yangeisha. Nikaitikia kwa kichwa. Na sukari yao nikainywa.

Walipoondoka mke wangu akaja akasimama mbele yangu. "Baba Anneth, mwambie mtoto."

"Nitapiga tu," nikasema, na upepo ukanitoka kwenye pengo.

"Utapiga nini? Mluzi?"

Nikaenda kujaribu nyuma ya zizi. Ilitoka sauti ambayo siwezi kuieleza mbele ya watu wenye heshima. Ng'ombe wangu akaitikia. Nikajaribu kuziba pengo kwa jojo, likashuka tumboni. Siku ya tatu nikachukua mshumaa wa nne wa Majilio, Mungu anisamehe, nikakata kipande cha nta, nikakifinyanga kikawa meno mawili mazuri kuliko yale niliyozaliwa nayo. Nikapuliza polepole, ikatoka sauti. Nyembamba, lakini sauti. Nikajiona fundi.

Alfajiri ya Krismasi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Tukapanda, mimi mbele, nta mdomoni, siongei na mtu. Nyuma yangu Bariki, Anneth, Lerionka na tarumbeta lake kubwa la besi, na wengine. Tukafika getini kwa Bibi Elieshi. Nikainua tarumbeta, nikavuta pumzi mpaka kwenye magoti, nikapuliza.

Pfuuu.

Nta ilichomoka yote ikaingia ndani ya tarumbeta. Nikapuliza tena kwa nguvu, kama mjinga. Pfuuu. Nyuma yangu mtu akakohoa. Mara mlango ukafunguka kabla ya wimbo, jambo ambalo halijawahi kutokea, Bibi Elieshi akatoka na fimbo yake.

"Kuna nini hapo getini? Mbuzi wa nani?"

Jamani. Nikashusha tarumbeta. Nikawageukia nikafungua mdomo, mbele ya watu kwa mara ya kwanza baada ya siku tano. "Nimevunjika meno. Niling'ata waya wa taa. Sikununa. Nilikuwa naficha pengo."

Kisha Lerionka akaanza, na huyo akicheka anacheka na tumbo lote. "Mzee Eliud! Si ungeniomba tu taa, nikakugawia?" Bariki akakaa chini kwenye majani, ameshika mbavu. "Na sukari yetu!" anasema. "Na sukari yetu!" Walicheka mpaka Bibi Elieshi naye akacheka, na yeye alikuwa na pengo kubwa kuliko langu.

Anneth peke yake hakucheka. Aliniangalia hivi, kama mtu anayesubiri kuambiwa aondoke. Niliona aibu, na safari hii si ya meno.

"Anza, mwanangu," nikamwambia. "Ilitakiwa uanze tangu zamani. Ni mimi tu na ubishi wangu."

Akapangusa mdomo wa tarumbeta lake kwa kiganja, akaanza. Sauti ilitoka nzito na safi, ikashuka mpaka kwenye migomba, na mbwa wa huko chini wakaanza kubweka nyumba moja baada ya nyingine. Nimepiga wimbo ule miaka thelathini na sijawahi kujua kwamba ni mzuri kiasi hicho. Mstari wa kwanza. Wa pili. Akaingia wa tatu, kwenye ile sauti ndefu, na mapafu yake yale angeweza kuifikisha Moshi bila kupumzika.

Akasimama katikati.

Bariki akainua kichwa. Bibi Elieshi, aliyekuwa anaimba chini chini, naye alikuwa amesimama palepale, na Lerionka, na wote waliokuwa wakiimba naye pale getini, kama wanavyosimama kila mwaka. Anneth alikuwa ameshikilia tarumbeta mdomoni, macho kwangu. Pumzi haikuwa imemwishia. Alikuwa ananisubiri mimi nivute yangu.

Nikavuta. Hewa ikapita kwenye pengo ikipiga mluzi, watu wakaangua kicheko, na mwanangu akaendelea.