Uchafu Nilioufuta kwenye Injini ya Mhandisi

Siku yangu ya kwanza ndani ya ghala moja la Al Quoz, Dubai, nilipotolewa ulinzi wa getini, msimamizi alinipa funguo mbili na onyo moja. Alikuwa mtu wa Kerala, India, aliyekaa Dubai miaka mingi kuliko aliyokaa kwao, na hakupenda maneno marefu.

"Huu ni wa mlango wa mbele. Huu ni wa chumba cha juu," alisema. "Ijumaa watu wazima wanakuja huko juu kucheza na treni. Usicheke. Ukicheka, khalas, basi, unarudi getini juani."

Sikucheka. Nilifungua chumba cha juu. Meza ilizunguka chumba kizima, na juu yake kulikuwa na stesheni, madaraja, vilima vya kijani na njia ya reli iliyopita katikati ya vyote. Mimi ni mzaliwa wa Voi. Nilipomaliza kidato cha nne niliingia reli, nikaosha injini miaka sita, kisha nikakagua mabehewa hadi tulipopunguzwa kazi. Nilikuja Dubai nikiwa na miaka hamsini na moja, nikiamini kwamba treni nimeachana nazo. Kumbe zilinitangulia.

Nawaandikia vijana mnaokwenda kule kuwa walinzi, wasafishaji na watunza ghala, kwa sababu mtaambiwa kwamba kazi ya mtunza chumba ni kufungua na kufunga. Si kweli. Vumbi la Al Quoz ni laini kama unga wa muhogo na hupenya hata dirisha lililozibwa. Treni ndogo hupata umeme kupitia reli zenyewe, kwa hiyo vumbi kidogo tu likitanda, treni inasimama. Kila Alhamisi nilisugua reli kwa kipande cha mpira mgumu, hatua kwa hatua, meza nzima. Kiyoyozi nacho hakikuzimwa kiangazi, maana chuma kikipata joto hurefuka, na reli isiyo na nafasi ya kurefuka hujikunja na kuinuka. Hayo nilikuwa nayajua tangu Voi. Mwenyekiti wa klabu ya hao wacheza treni aliponiona nikipima kwa ukucha nafasi kati ya reli na reli, aliniuliza nimejifunza wapi. Nilipomweleza, alimwambia msimamizi, "Huyu asirudi getini tena."

Klabu ilikuwa ya watu wa Ireland waliofanya kazi Dubai, na reli ile ndogo iliigiza ya kwao. Walikuja Ijumaa mchana, wakala sandwichi, wakaendesha treni na kubishana. Kubishana ndiko hasa kulikowaleta. Reli ya Ireland ni pana kuliko reli nyingi za Ulaya, na ni pana zaidi ya ile yetu ya mita moja. Wengi wao walitumia njia nyembamba ya dukani, kwa kuwa ilipatikana kwa urahisi. Wengine wachache walijenga kwa upana wa kweli, taruma kwa taruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli. Tofauti ilikuwa milimita nne na nusu. Kwa milimita hizo watu wawili walikaa miezi mitatu bila kusalimiana.

Ubishi mkubwa zaidi ulikuwa juu ya zamani na sasa. Mwenyekiti, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule, alipenda mabehewa ya zamani. Alisema dirisha uliweza kuliteremsha mwenyewe, ukatoa kichwa na kuisikia injini ikipanda kilima, na chai ililetwa katika kikombe cha udongo. Mweka hazina, aliyekuwa daktari wa meno na mdogo kuliko wote, alipenda treni za sasa, zile zisizo na injini mbele kwa sababu mitambo imefichwa chini ya sakafu ya kila behewa.

"Zinafika kwa wakati, zina joto, na mlango unafunguka kwa kubonyeza," alisema. "Wewe unaisifu baridi ya zamani kwa sababu uko Dubai na jasho linakutoka. Ungekuwa kwetu Januari ungeililia treni yangu."

"Treni yako ni basi lililopotea njia," Mwenyekiti alimjibu. "Na inanguruma chini ya makalio ya abiria."

"Ya kwako ilinguruma na kuvuja."

Mhandisi hakuingia katika kelele hizo. Alikuwa mzee mrefu aliyejenga madaraja ya barabara, na mimi niliyemtunzia chumba nilimheshimu kuliko wote. Hakutaka za mvuke wala hizi za kisasa. Alipenda injini za dizeli za rangi ya chungwa na nyeusi za enzi za ujana wake, na alileta moja tu, ya urefu wa kiganja na vidole. Injini za wenzake ziling'aa. Yake ilikuwa chafu: masizi juu ya paa, kutu ubavuni, michirizi ya mafuta chini ya tangi. Nilidhani ameizembea kwa sababu ya uzee.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Klabu iliandaa Ijumaa moja ya kuleta familia na wageni. Alhamisi iliyotangulia, mchana, nilikuwa peke yangu juu, nimeshamaliza reli. Niliiona ile injini chafu katikati ya wenzake na nikamkumbuka fomeni wetu, msimamizi wa depo ya reli kule Voi. Alikuwa na desturi ya kusimama mbele ya injini tuliyoosha na kusema, "Mwakio, leo naweza kunyolea ndevu kwenye tangi hili?" Kama hakuweza kujiona, tulianza upya. Kwake injini chafu ilikuwa aibu ya depo nzima. Nikasema moyoni, Mhandisi hataaibika mbele ya wageni nikiwapo.

Kerubo alikuwa akipiga deki ngazini. Alikuwa msichana wa Kisii wa kampuni ya usafi, aliyeletwa na gari lao Jumatatu na Alhamisi. Mkataba wake ulimruhusu kusafisha sakafu na choo, asiguse meza. Nilimwomba spiriti na vijiti vya pamba.

"Mzee, unaosha nini tena?"

"Injini ya Mhandisi. Kesho ataniombea dua."

"Haya, chukua. Lakini ukiivunja usinitaje," alisema, akacheka, akaendelea na ngazi.

Nilisugua kwa saa tatu, kwa upole na kwa furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu niache reli. Masizi yalitoka. Kutu ilitoka. Rangi ya chungwa ikang'aa kama imetoka kiwandani.

Ijumaa Mhandisi alipanda ngazi, akaenda mezani, akasimama. Aliinua injini kwa mikono miwili, akaigeuza ubavu huu, akaigeuza ubavu ule, kisha akakaa. Mwenyekiti ndiye aliyetueleza sisi tuliokuwa mlangoni. Ule haukuwa uchafu. Mhandisi aliupaka kwa brashi yenye nywele tatu, kwa majira mawili ya baridi, akitazama picha aliyoipiga siku ambayo baba yake, dereva wa treni, aliiendesha injini halisi kwa mara ya mwisho. Kila doa lilikuwa mahali pake. Chini ya dirisha la dereva palikuwa na sehemu ndogo safi, ambapo mkono wa koti la baba yake ulikuwa ukifuta kila alipochungulia nje. Mimi nilikuwa nimeisafisha injini yote, kwa hiyo sehemu ile ilipotea pamoja na masizi.

"Nani ameigusa?" Mwenyekiti aliuliza.

Msimamizi alijibu haraka. "Jana alikuwapo yule mwanamke wa usafi, sir."

Kerubo alikuwa ameitwa siku hiyo kwa ajili ya wageni, na alisimama pale pale na ndoo yake. "Mimi sijagusa meza, sir," alisema. Kisha aliniangalia. Mara moja tu, wala si kwa hasira. Alinipa nafasi.

Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa na miaka hamsini na saba, na viza yangu ilikuwa karibu kuisha, na nilijua kwamba mlinzi wa umri ule akifukuzwa hapati kafeel mwingine, yaani mdhamini wa viza. Hizo zilikuwa sababu zangu. Nimezipima mara nyingi tangu siku ile na hazijawahi kuongezeka uzito.

Malalamiko yalitumwa kwa kampuni ya usafi. Jumatatu iliyofuata gari lilimleta mtu mwingine. Nilipomuuliza huyo mgeni kwamba Kerubo yuko wapi, alisema amehamishiwa kusafisha kambi ya wafanyakazi, na kwamba mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi na mwenye malalamiko kwenye faili hafanyiwi mwingine. Angerudishwa Kisii, ambako mama yake mgonjwa alimtegemea yeye tu.

Nilikaa kimya siku nane. Naziandika hapa kwa sababu ni zangu. Siku ya tisa, Jumamosi, nilimkuta kwenye kituo cha basi karibu na kambi yao.

"Kerubo, mwanangu, nisamehe."

"Mzee, si ungesema tu? Nilikupatia muda."

"Na wewe mbona hukunitaja? Ulikuwa na ushahidi. Vijiti niliviomba kwako."

"Nikutaje mimi? Wewe ndiye una mdomo wa kujitaja." Basi lilikuja, akapanda.

Nilirudi nimekata shauri. Ijumaa iliyofuata nilimsubiri Mhandisi chini kabla hajapanda ngazi, nikamwambia yote: mimi, spiriti, vijiti, saa tatu, fomeni wangu, na kimya changu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulitumia spiriti tupu?" aliuliza.

"Tupu, sir."

"Rangi ya chini haikuguswa. Umefanya kazi safi sana, Mwakio. Afadhali ungekuwa mzembe." Kisha uso wake ukawa mgumu. "Injini ni jambo langu na wewe, na tutalimaliza. Lakini yule binti alisema kweli mbele yetu sote, na sote tukamwona mwongo. Panda juu. Utaiandikia kampuni ya usafi barua kwa mkono wako."

Niliiandika mezani, wote wakiwa wamesimama. Niliandika kwamba mimi Mwakio, mtunza chumba, ndiye niliyefanya, na kwamba nilinyamaza mtu mwingine akilaumiwa. Mwenyekiti alitia sahihi chini, akanyoosha mkono, nikamrudishia ufunguo wa juu.

"Msimamizi atakupangia mlangoni," alisema. "Sikufukuzi. Lakini ufunguo ni neno la mtu, na lako siliamini tena."

Nilitaka kushuka. Badala yake nilimwambia Mhandisi, "Sir, nimeondoa uchafu kwa mikono yangu. Niruhusu nisaidie kuurudisha." Alisema nije kila Ijumaa saa nane, bila ufunguo.

Kazi hiyo ilichukua miezi saba. Picha ya baba yake ilionyesha ubavu mmoja tu, na kwa ubavu wa pili ilibidi tuulize kumbukumbu za watu. Hapo ndipo nilipojua kwa nini wale watu hubishana. Mwenyekiti alishikilia kwamba masizi yalifika hadi dirisha la mbele. Mweka hazina alisema injini zote za enzi hizo zilikuwa chafu hivyo hivyo kwa sababu hakuna aliyezijali, na ndiyo maana watu wakataka mpya. Mhandisi alimjibu taratibu, "Baba yangu aliijali. Aliiosha alipofika, na ikachafuka njiani. Huo ni uchafu wa kazi."

Mimi nilichangia jambo moja. Walitaka kupaka kutu ubavu mzima. Niliwaambia kwamba ile rangi ya hudhurungi si kutu ya mvua. Ni unga wa breki: kiatu cha chuma kinasaga gurudumu na unga unaruka. Unaanza kwenye magurudumu, unapanda kwenye bogi, yaani fremu inayobeba magurudumu, na huko juu unafika kidogo sana. Nililala chini ya mabehewa miaka kumi na minane nikiufuta usoni. Mhandisi alinipa brashi, nikazipaka bogi mimi mwenyewe, zote mbili. Sehemu safi chini ya dirisha la dereva hakuna aliyeigusa isipokuwa yeye. Alipomaliza alisema haifanani kabisa na ile ya kwanza, kisha akaiweka kwenye reli na kuiendesha.

Barua ilifika kwa wakati. Kerubo alifanyiwa mkataba mwingine, lakini hakurudi kwetu. Alipata nafasi katika hoteli moja Al Garhoud. Ufunguo wa juu nao sikurudishiwa hadi nilipostaafu nikiwa na miaka sitini, na sikuuomba.

Wiki yangu ya mwisho nilikwenda Al Garhoud, nikasimama kwenye mlango wa wafanyakazi hadi alipotoka kazini. Alikuwa amefanywa msimamizi wa wasafisha vyumba. Nilimwambia naenda nyumbani, na kwamba bado namwomba msamaha.

"Nilishakusamehe kitambo, mzee," alisema. "Shida yangu ni moja. Nawajua nyinyi wazee wa reli. Utafika Voi uwaambie watu ulikuwa fundi wa treni za wazungu huko Dubai."

"Nitawaambia ukweli."

"Yote? Na ile Ijumaa?"

"Yote."

"Tutaona," alisema, akaniaga kwa mkono kama wasimamizi wanavyofanya.

Ni miaka kadhaa sasa niko Voi. Vijana wakinitembelea huniuliza za Dubai, na mara nyingi nimewaeleza juu ya upana wa reli, vumbi, joto, na unga wa breki nilioupaka kwa mkono wangu. Nilikuwa naishia hapo, wakaniita fundi, nikanyamaza tena. Leo nimeamua kuimalizia hadithi.

Kerubo, nimewaambia yote. Na ile Ijumaa.