Kiota Chenye Nywele za Mama

Nilipokuwa mtoto, kule Chome juu ya milima ya Upare, nywele za mwanamke hazikutupwa ovyo. Mtu akichanwa, zile zilizobaki kwenye kitana zilikusanywa, zikaviringishwa mpaka ziwe kidonge, zikatiwa motoni. Sababu ilijulikana na kila mtu, hata mwalimu wetu wa shule ya Jumapili ambaye kwa haki angepaswa kuikana: ndege akizipata nywele zako akajengea kiota, kichwa chako hakitatulia tena. Kila akitua kiotani, unagongwa. Makinda yakigombea chakula, unagongwa tena. Dawa ni moja tu, kiota kitafutwe kichomwe.

Kazi ya kuchoma nywele za Mama ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na Bibi, mama yake Baba, alinipa kazi ile kwa heshima zote, utadhani ananikabidhi funguo za kanisa. Kila Jumamosi mchana Mama alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, Bibi akamchana na kumsuka mtindo wa twende kilioni, nami nikasimama pembeni na kiganja wazi. Baba hakuwapo. Alikuwa bondeni kwenye shamba la mkonge, akipanda nyumbani mwisho wa mwezi na sukari na sabuni. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu, na mimi nilijihesabu mwanamke kamili kwa ajili ya nywele zile.

Jumamosi moja tuliitwa shuleni ghafla. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, mgeni wa chama alitarajiwa wiki ile, na sisi watoto tulitakiwa kukariri ngonjera ya kilimo cha pamoja. Wenzangu walikuwa njiani wananiita. Kidonge cha nywele kilikuwa mkononi, jikoni moto umezimika. Nikakichomeka kwenye ua wa masale, nikijiambia nitakirudia jioni. Ngonjera ile naijua mpaka leo, beti zote, lakini nywele nilizisahau kabla sijafika kona ya kwanza. Kesho yake baada ya ibada nilikwenda kuangalia, hazikuwapo. Sikumwambia mtu.

Nisiseme kichwa cha Mama kilianza wiki ile, maana nitakuwa nadanganya. Hata kabla ya hapo nilishamwona mara kadhaa akijifunga kanga kichwani kwa nguvu, akisema amechoka tu. Lakini wiki ile ndiyo alianguka mbele ya watu.

Ilikuwa Jumatano, siku ya msaragambo. Pembe ililia alfajiri, na kila nyumba ikatoa mtu na jembe kwenda kuzibua mfereji unaoingiza maji kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Sisi wa shule nasi tulitolewa. Ukungu ulipofunguka jua likapiga kwenye maji, na Mama akanyanyuka polepole, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja.

"Jua limevunjika," akasema. Kisha akapiga magoti akatapika.

Alilala siku mbili. Dirisha tuliliziba kwa blanketi. Hakutaka harufu ya makande, hakutaka sauti ya kuku, hakutaka hata mimi nikae kitandani kwa sababu kitanda kikitikisika kichwa nacho kilitikisika. Siku ya tatu aliamka mzima, akafagia uwanja huku anaimba. Jumatano iliyofuata kikamwangusha tena, na ile nyingine vilevile.

Ndipo akaja Mzee Sefania, balozi wetu wa nyumba kumi.

"Shikamoo, babu," nikamwamkia.

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Amelala."

"Saa nne hii ya asubuhi?"

Bibi akatoka jikoni anajifuta mikono. "Sefania, mkwe wangu anaumwa kichwa."

"Kichwa kila mtu anacho, dada. Jumamosi nimemwona gulioni anacheka mpaka jino la mwisho. Ikifika msaragambo, kichwa. Ujamaa haujengwi na kupe."

Hilo neno kupe lilikuwa tusi kubwa siku zile. Na kwetu, asiyetoka msaragambo alishikiwa chombo cha nyumbani mpaka amalize siku zake. Mzee Sefania akayamimina makande yetu kwenye karai, taratibu, maana hakutaka dhambi ya kumwaga chakula, akaondoka na sufuria bado ina moto.

Bibi akaingia chumbani kwa Mama. Mimi nilibaki nje ya mlango.

"Mama Nakundwa, nakuuliza kama mzazi wako. Kwenu kuna ugonjwa huu?"

"Hapana, mama."

"Mama yako je? Dada zako?"

"Hakuna. Hata mmoja."

Swali lile halikuwa dogo. Mwanamke akijulikana kwamba ameolewa na ugonjwa wa kwao bila kusema, wazee wa upande wa mume walikaa kikao, na waliorudishwa kwao kwa sababu hiyo tuliwajua kwa majina. Watoto walibaki kwa baba. Nililijua hilo hata kwa umri ule, na jibu la Mama lilinipa faraja kwa muda wa kama dakika moja.

Kwa sababu Bibi alitoka, akanitazama, akauliza, "Nakundwa, zile nywele za mama yako unazipeleka wapi?"

Nililia kabla sijajibu. Nikamwambia yote, ngonjera, ua wa masale, na Jumapili nilipokuta hazipo. Hakunipiga. Alishusha pumzi, na leo naelewa kwamba ilikuwa pumzi ya nafuu, maana sasa ugonjwa ulikuwa na jina na mwenye kosa, na haukuwa wa kikao.

"Basi tumejua," akasema. "Aliyewapa ndege nywele ndiye atakayetafuta kiota."

Ukuta wa chumba cha Mama ulikuwa wa fito na udongo na haukufika juu. Nilijua anasikia. Nilisimama pale nikingoja aniite, aseme hata neno moja, anikaripie kama ni kukaripia. Hakusema kitu.

Nikaanza kutafuta. Kila nikitoka shule nilizunguka na upondo, nikaangusha viota vya mnana juu ya ndiva, nikapanda mpaka kwenye mabati ya kanisa kuwafukuza shomoro. Nilipasua kila kiota kwa vidole. Majani, manyoya ya kuku, nyuzi za mgomba. Wenzangu waliniita Nakundwa mla mayai. Mikono ilijaa mikwaruzo, na usingizini niliota ndege.

Na kichwa cha Mama nacho kilibadilika, kama vile kinajua kinawindwa. Kwanza kilikuwa cha jua, kwa hiyo Bibi akampa kazi za kivulini. Kikaja na harufu ya maganda ya kahawa yanayooza. Tukayahamisha maganda mbali. Kikaja na njaa, kikaja na moshi, kikaja na mvua ambayo ilikuwa haijanyesha bado. Zamani alianza kwa kuumwa. Sasa alianza kwa kuona taa, meno ya msumeno yanayowaka, alisema, yanatembea kutoka pembeni mwa jicho. Siku nyingine mkono wa kushoto ulikufa ganzi na kibuyu kikamponyoka. Jumapili moja alitaka maji, akaomba jembe. Alijisikia mwenyewe kwamba amekosea, akajaribu tena, likatoka jembe tena. Alitutazama mimi na Bibi kwa hofu ambayo sijaisahau. Bibi alimshika mkono akasali Baba Yetu mara tatu mfululizo, na mimi nikatoka mbio na upondo wangu. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

Kiota nilikikuta kwetu wenyewe, kwenye mbuni wa kahawa, wa tatu kutoka nyumbani, chini kiasi kwamba sikuhitaji upondo. Kilikuwa cha ndege shore. Ndani mlikuwa na makinda matatu yamefumbua vinywa, na chini yao kiota kilikuwa kimetandikwa nywele nyeusi.

Niliyatoa makinda moja moja nikayalaza kwenye jani la mgomba. Yalikuwa na joto. Nikampelekea Bibi kiota, akakigeuza kwa kidole, akasema, "Ndizo." Hakuuliza kilikuwa na nini ndani, nami sikusema. Tukakichoma kati ya mafiga. Harufu ya nywele ikajaa nyumba nzima, na Mama alitapika mpaka jioni. "Kinatoka hicho," Bibi akasema.

Niliporudi kwenye mbuni, jani lilikuwa limejaa siafu. Shore alilia kwenye tawi siku mbili.

Lakini kichwa kilitoka kweli. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi, miwili. Mama alikwenda msaragambo wa kwanza kuliko wote, jembe begani, na Mzee Sefania akarudisha sufuria kwa mkono wake mwenyewe, amekunja uso. Bibi alikuwa na desturi ya kunitania kwa kuniita "mke mwenzangu". Sasa akanipandisha cheo, nikawa mganga. Nilitembea kifua mbele. Usiku nilimshukuru Mungu, halafu niliyakumbuka makinda, nikageukia ukutani.

Kilirudi kanisani, katikati ya wimbo. Nilikuwa nimekaa kando ya Mama, nikamwona anaacha kuimba na kulifunika jicho la kushoto kwa mkono. Sikuhitaji kuambiwa. Nikajua ni makinda. Kosa la kwanza nilikuwa nimelisahihisha kwa kosa la pili, na hilo la pili lisingeweza kuchomwa motoni. Ningemwambia nani? Bibi alisema labda ndege aligawana nywele na mwenzake. Baba alimshusha Mama kwa lori mpaka hospitali huko Same, akapewa vidonge vyeupe na kuambiwa apunguze mawazo. Mimi nilirudi kwenye viota. Niliacha nilipofika darasa la saba, na hata hapo sikuacha kwa sababu nimeacha kuamini. Nilichoka tu.

Nikawa mwalimu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, niko ubaoni naandika hesabu za sehemu, nikaona nusu ya kushoto ya ubao haina maandishi. Nikafuta nikaandika upya. Hayakuwapo tena. Kisha pembeni ukawaka msumeno. Daktari aliniambia ni kipandauso, na kwamba mara nyingi hufuata damu, mtu hukirithi kama anavyorithi pua.

Nilipanda Chome mwisho wa wiki ile. Bibi alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama, nimeanza kuona zile taa."

Mikono yake ikasimama. "Upande gani?"

"Kushoto."

"Mama yangu naye ilikuwa kushoto," akasema. "Na mimi nilianza nikiwa msichana, kabla hata sijavunja ungo."

"Ulimwambia Bibi kwenu hakuna."

"Nilimwambia."

"Na siku ile nilipolia kwa ajili ya nywele, ulinisikia?"

"Nilikusikia. Ukuta haukufika juu." Alichagua jiwe dogo kwenye maharage akalitupa. "Ningesema, ningerudishwa kwetu. Wewe ungebaki na nani?"

Nilikasirika, nisifiche. Nilitoka nikaenda kwenye mibuni nikakaa huko peke yangu mpaka ukungu uliposhuka. Alijinunulia nafasi yake katika nyumba ile kwa kosa langu, na nikalibeba miaka ishirini na zaidi. Nilitaka kurudi nimwambie hivyo hivyo. Kisha nikakumbuka kwamba kupata ruhusa ya kuondoka Ijumaa nilimwambia mwalimu mkuu nina msiba, kwa sababu niliogopa kusema nina kichwa. Nilirudi barazani nikakaa, nikavuta upande mmoja wa ungo, tukachambua maharage mpaka yakaisha.

Hata sasa sijui nywele zile kwenye kiota zilikuwa za Mama au za mbuzi wa jirani. La kuvunda halina ubani. Nimemeza vidonge vya rangi zote, kingine kikinisaidia mwaka mmoja na mwaka unaofuata hakina habari na mimi. Nimeacha kahawa, nimerudia kahawa. Uzeeni maumivu yamepungua na taa zimebaki, zinakuja zenyewe bila sababu, nami hukaa chini nikazitazama mpaka zipite. Mama naye alimaliza hivyo.

Binti yangu, Neema, alikuwa na miaka kumi na miwili aliporudi kutoka shule kabla ya wakati, ameshika jicho la kushoto. Alisimama mlangoni, akatapika kwenye viatu vyake vya shule, akaanza kulia.

"Mama, nimefanya nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia habari za ndege. Swali lilimjia lenyewe.

"Hujafanya kitu," nikamwambia. "Kichwa hicho umekipata kwangu, na mimi nilikipata kwa bibi yako."

Nilimvua viatu, nikamlaza, nikaziba dirisha kwa blanketi. Sikuwa na dawa ya kumpa iliyokuwa ya maana. Nilikaa sakafuni, mbali kidogo na kitanda ili kisitikisike, nikamrudishia jibu lilelile kila alipouliza.