Wazee wa Kanisa Waisikiliza Santuri

Mume wangu aliinunua ile santuri Uyole, Mbeya, kwa dereva wa lori aliyetoka nayo Zambia, tukarudi nayo kwetu Igowole, Mufindi, ameifunika kwa koti ili ukungu usiilowanishe. Nilipoiona picha ya jalada sikuipenda. Wanaume wanne, nywele zimewasimama, wamekaa ukingoni mwa shimo la mgodi, na nyuma yao moshi mtupu. Hakuna hata mmoja aliyetabasamu.

Kwa msomaji ambaye miaka ile ya sabini alikuwa bado hajazaliwa, nieleze kidogo. Vijana wa miji ya migodi ya shaba kule Zambia walikuwa wamelipenda gitaa la umeme kupita kiasi. Walipiga rock, lakini ndani yake waliweka bluzi, yaani nyimbo za majonzi ambazo mwimbaji hurudia mstari uleule kama mtu anayemweleza jirani shida ileile kila asubuhi. Wanne hawa kila mmoja alikuwa nyota wa bendi yake. Wakaziacha bendi zao, wakaungana, wakatoa santuri moja ya nyimbo tisa. Ni kama kuwachukua washambuliaji wa timu nne za mpira na kuwapanga timu moja. Watu wa Mbeya, kwa kuwa mpaka uko karibu, walikuwa wameisubiri kwa hamu.

Nilishuhudia mwenyewe walivyoipokea. Likizo ile tulikuwa kwa wifi yangu Uyole, na jirani yake alikuwa na baa kando ya barabara kuu ambapo madereva walikula na kupumzika. Santuri ilizunguka pale mchana kutwa. Fundi mmoja wa magari alisema haifai. “Hawa hawasikilizani,” alisema. “Kila mtu anataka asikike yeye.” Dereva aliyeileta akamwambia, “Wewe mwenzetu unasikiliza kwa spana.” Watu wakacheka, fundi naye akacheka, lakini hakubadili neno. Mtangazaji wa redio ya ng’ambo ya mpaka alikuwa ameshasema kwamba amesikia wanaume wanne wenye nguvu na hajasikia wimbo, na wapenzi wa bendi zile za zamani walikuwa bado wanamtukana kana kwamba yuko pale mezani. Wengine waliapa hakujawahi kupigwa gitaa kama lile. Mama aliyeuza supu alilalamika tu kwamba santuri ile ikipigwa wateja wanasahau kula.

Wimbo wa tisa peke yake ndio haukubishaniwa. Ulipoanza, watu walinyamaza. Ni wimbo wa mtu anayeita kutoka chini ya ardhi, na dereva alisema mpiga ngoma alifariki mara tu baada ya kuurekodi. Wengine walisema ni ajali ya barabarani, wengine wakasema aliangukia mgodini. Hakuna aliyekuwa na uhakika. Hata hivyo baada ya wimbo ule niliona watu wakilipa na kuondoka mmoja mmoja, bila kuagana.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu, nami nikifundisha shule ya msingi. Hakuitaka santuri ile kwa ajili ya kucheza. Alisema wale wanne hubishana kwa magitaa hadi mahali fulani, kisha wanakubaliana ghafla, na pale wanapokubaliana mwili unasisimka. Alitaka sauti za kiume za kwaya yake, besi na tena, zijifunze hivyo. Na kwa kweli zilijifunza. Jumapili mbili tatu watu walisimama nje ya madirisha ya kanisa kusikiliza.

Lakini habari za Uyole nazo zilisafiri, zikafika Igowole zimeongezwa. Mzazi wa msichana mmoja wa sauti ya kwanza alimwambia mwinjilisti kwamba mwalimu anafundisha kwaya kwa wimbo wa maiti. Baada ya hapo nilianza kuona vitu vidogo. Jirani aliyezoea kunisalimu “kamwene” tangu mbali alikuwa sasa anasubiri nipite. Wasichana wawili waliacha kuja mazoezini. Kisha wazee wa kanisa wakatuma ujumbe, kwa heshima kabisa, kwamba watakuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana kuisikiliza wenyewe. Tulielewa maana yake. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya usharika, ilikwenda na kazi ya kwaya. Wakiichukua kwaya, nyumba nayo imekwenda.

Sasa lazima nieleze habari ya betri, maana hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Gramafoni yetu ilikuwa ya mkoba, ya betri, na betri zilikuwa zimeadimika madukani. Kila nyumba yenye redio ilifanya jambo moja: betri zikichoka, unazianika juani juu ya bati, zinapata nguvu kidogo, unasikiliza taarifa ya habari. Lakini Mufindi mwezi wa Julai jua halipatikani. Ukungu hulala juu ya mashamba ya chai siku nzima na nguo hazikauki. Kwa hiyo mume wangu alizipanga betri kwenye mawe ya jikoni, karibu na moto, akizigeuzageuza kama mahindi ya kuchoma. Asubuhi ya Jumamosi akazijaribu kidogo. Sauti ikatoka safi. Nilimwomba awapigie wazee wimbo mmoja tu, wa tisa, huo unaosemwa na watu, wausikie na wamalize.

“Hapana, mama,” alisema. “Wakianza na huo hawatausikia. Wataanza na wa kwanza, niwafundishe kusikiliza.”

Sikubishana naye. Mimi ni mwalimu, ningefanya vivyo hivyo.

Wakaja watatu, makoti yao yana matone ya ukungu. Niliwapa chai. Mume wangu akapiga wimbo wa kwanza, akaeleza gitaa lipi linauliza na lipi linajibu. Akapiga wa pili. Nikamwona mzee mkubwa kuliko wote, aliyekuwa ameshika fimbo katikati ya magoti, kidole chake kinagonga kichwa cha fimbo. Akasema, “Huo rudia, mwanangu.” Mume wangu akarudia. Mzee akasema ngoma ile inamkumbusha ngoma za arusi za ujanani mwake, wenzake wakamtania kwamba hakujua kucheza hata wakati huo. Nilianza kupumua. Ule wa pili waliurudia tena, na wa tano nao wakaurudia, na chai ikaongezwa. Kumbe kila waliporudia walikuwa wanakula nguvu ile kidogo iliyotoka jikoni.

Kisha mzee mmoja akasema tufikie ule wanaousema watu.

Wimbo wa tisa ulianza vizuri. Mwimbaji aliita mara ya kwanza. Alipoita mara ya pili sauti ilikuwa imeshuka kidogo, nami nilijua. Mara ya tatu haikuwa sauti ya kijana tena. Ikavutika, ikazama, ikawa nzito kama ya mtu aliyejaa udongo kinywani, na magitaa yakawa yanalia kama ng’ombe walio mbali. Mume wangu alinyoosha mkono, lakini akasita, kwa sababu kuikatiza ingeonekana anaficha kitu. Sauti ikaendelea kushuka mbele yetu sote mpaka ikakwama katikati ya neno.



Mume wangu akaeleza kwamba ni betri. Alieleza polepole, kwa ufasaha, jinsi santuri inavyozungushwa na jinsi ikizunguka polepole sauti inavyonenepa. Yule mzee mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mwanangu,” alisema, “mimi nina redio miaka mingi. Betri ikiisha, redio inafifia, inanyamaza. Haigeuki kuwa mtu mwingine.”

Nimemfikiria mzee yule mara nyingi, na siwezi kumwita mjinga. Alisema alichokijua. Redio kweli hufifia. Gramafoni hakuwahi kuwa nayo, wala hakuna mwingine kijijini aliyewahi. Na jua lingekuwepo siku ile, au betri mpya zingepatikana, labda angeondoka huku bado anagonga fimbo.

Walitoka nje kushauriana, wakarudi haraka mno. Walimpa mume wangu nafasi. Aivunje ile santuri kesho mbele ya usharika, abaki na kwaya yake. Asipoivunja, aache kwaya, na nyumba tuihame mwisho wa mwezi.

Aliitoa santuri kwenye gramafoni, akaipangusa kwa mkono wa shati, akairudisha ndani ya jalada. “Nikiivunja,” alisema, “nitakuwa nimekubali kwamba nilileta hiyo sauti ya maiti mnayoisema. Watoto nitawafundisha nini baada ya hapo?”

Mzee mkubwa akaniangalia mimi, kana kwamba angependa niseme neno. Nikaanza kukusanya vikombe. Akashusha pumzi. “Basi, mama, fungasheni polepole,” akasema, bila ukali wowote.

Ilikuwa inakaribia saa kumi, saa ya mazoezi. Kwaya haikuwa imeambiwa lolote. Wakaanza kutokea kwenye ukungu, wawili, watatu, wakaja mpaka barazani kama kila Jumamosi, wakiwaamkia wazee kwa kupiga magoti kidogo. Wazee walisogea hadi kwenye ua wa miti, wakasimama pale kusubiri mazoezi yaishe, ili waiambie kwaya kwamba mwalimu ameachishwa. Mume wangu akavaa koti, akatoka, akawapanga besi kushoto.

Mimi nilikuwa ndani nafunga vyombo kwa magazeti. Nilisikia wimbo wa Jumapili ukiimbwa wote, sauti nne, bila kosa. Ulipokwisha, nikaona dirishani wazee wameanza kusogea. Kisha nikasikia mume wangu akiwaambia ubeti wa tatu haujakaa sawa, waurudie toka mwanzo.