Paka wa Nyumba Mbili

Nilimpata paka wangu Garissa, wakati wa vita vya shifta, na sitaficha: nilimpenda kuliko baadhi ya mawifi zangu. Mume wangu alikuwa karani wa serikali, sisi watu wa bara, na jua likizama tu kafyu ilitufungia ndani. Yeye alikuwa na redio yake. Mimi nilikuwa na paka, dume la kijivu lenye kichwa kikubwa, aliyeingia kwetu siku moja akajikalia bila kuulizwa.

Kwetu alikula ugali na mchuzi, nami nikaona huo si mlo wa kumjenga. Nilikuwa na mafuta ya ini la samaki, yale tuliyonyweshwa utotoni shuleni kwa misheni huku tumebanwa pua. Kama yalitukuza sisi, yangeshindwaje na paka? Kila jioni nikawa namtilia kijiko kwenye chakula, naye akilamba sahani hadi inang'aa.

Ng'ambo ya ua wa miiba aliishi mama mmoja Msomali, mke wa mwenye bucha. Hatukuzoeana. Siku hizo wake wa maofisa tulionywa tusijichanganye na wenyeji, na nadhani wao pia walionywa juu yetu. Tulisalimiana kwa mbali, nabad, nabad, kila mtu akarudi kwake. Paka peke yake ndiye aliyepita chini ya miiba bila kibali.

Baada ya miezi kadhaa akaacha kujilamba. Manyoya yakachafuka, shingo ikakakamaa, na ukimwita aligeuka mwili mzima kama mtu mwenye jipu. Ukimgusa mabegani alilia. Nikaogopa sana. Nikasema huyu amekosa kitu mwilini, nikaongeza kijiko cha asubuhi. Akazidi kudhoofu, nikaongeza na cha mchana.

Siku aliposhindwa kusimama nilimfunga kwenye leso, nikaondoka naye kwenda kwa daktari wa mifugo. Jirani alitoka mbio akanisimamisha njiani, akaniita dada kwa Kisomali, na kila p kwake ilikuwa b.

"Abaayo, baka yetu iko na nini?"

Yetu! Nilitaka kumjibu, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Tukaenda wote.

Daktari alizoea ngamia na mbuzi, na alipofungua leso akacheka. Kisha akamshika paka shingo, na kicheko kikaisha. Akauliza anakula nini.

"Mafuta ya samaki," nikasema kwa fahari. "Vijiko vitatu kwa siku."

"Na maini," akadakia jirani yangu. "Wallahi, kila asubuhi mbuzi ikichinjwa mimi nabea yeye maini bichi. Akianza kuugua nikaongeza ya jioni. Nikasema, huyu mama ya bara hana nyama, baka itakufa na njaa!"

Mimi, nimnyime paka chakula! Nilimkodolea macho, naye akanikodolea yake.

"Mnamuua," daktari akasema. "Maini yamejaa vitamini A, na mafuta hayo vilevile. Ikizidi haitoki, inakaa mwilini mpaka mifupa ya shingo inaota na kushikana. Mkitaka aishi, acheni wote wawili."

Kumnyima umpendaye ni kazi ngumu kuliko kumlisha. Alilia bucha, akaja kulia kwangu. Kila asubuhi jirani alikuja uani kunichunguza.

"Umebea yeye kitu?"

"Sijampa. Wewe je?"

"Wallahi, nyama tu, tena kidogo."

Hatukuaminiana hata chembe, kwa hiyo ilibidi tukae pamoja. Nilikuwa naenda kwake mchana, tunakunywa chai ya maziwa ya ngamia huku paka akiwa katikati yetu, kila mmoja akiangalia mikono ya mwenzake. Onyo la wakubwa likasahaulika hivyohivyo. Naye paka akainuka, akaanza tena kulamba makucha yake, ila shingo haikunyooka.

Mume wangu alipohamishwa, paka nilimwachia jirani. Lori letu liliondoka na msafara wa askari, nikiwa nyuma juu ya mizigo, nalia bila aibu. Jirani alisimama kando ya njia amempakata paka, uso wa paka umeelekea bucha. Shingo ile haikuweza kugeuka ili anione. Basi yule mama akamgeuza mzima mzima, akamwinua juu kunielekea, na hakushusha mikono hadi vumbi lilipotutenganisha.