Nyoka Niliyemsugua

Nilisugua bangili ya fedha kwa jivu na waya wa kuoshea sufuria. Tena nilisugua kwa bidii ya mtu anayesubiri kusifiwa. Nilikuwa nimemaliza vyombo vyote na kuvianika juu ya uchanja vikimetameta, ndipo nikaona bangili yangu mkononi imejaa weusi. Nikashikwa na aibu. Sisi tuliolelewa Bungoma tulifundishwa kwamba msichana hupimwa kwa kitako cha sufuria yake. Mimi nimeolewa, nimefiwa na mume, na hakuna mtu anayefika kwangu huku Kitale, njia ya Endebess, akitafuta chochote ila maziwa. Lakini mkono ulikuwa haujapata habari hizo.

Weusi ule ulikuwa magamba ya nyoka.

Ndugu yangu ni fundi wa mapambo ya fedha huko Bungoma, na michoro yake huitoa kwenye hadithi zetu Wabukusu. Bangili hiyo alinitengenezea mwaka tuliomzika mama. Nyoka mwenyewe ni yule wa pangoni, aliyemeza watu na mifugo mpaka mwanamume mmoja akamvizia na kumkata kichwa kwa panga. Wazee husema tohara yetu ilianzia hapo, shujaa huyo alipotahiriwa kwa heshima. Kwenye bangili, kichwa kilikuwa upande mmoja na mwili upande wa pili, na ile nafasi ya kupitishia mkono ndipo panga lilipopita. Magamba aliyachonga moja moja kwa tindo ndogo, kisha akayatia weusi ili yaonekane.

Lakini sisi wawili tulimjua nyoka mwingine, naye ni mkono wa mama. Akisimulia jikoni, aliupitisha katikati ya magunia ya mahindi, vidole vikawa mdomo, vikanyakua kiazi changu nikiwa bado nakipuliza. Ndugu yangu alimkata nyoka huyo kwa mwiko, na mama akafa vizuri sana, ulimi nje. Basi karibu na kichwa cha nyoka wa fedha kulikuwa na magamba matatu mapana, yamekunjamana kama kiwiko cha mama. Mteja asingejua. Mimi nilikuwa nikiyapapasa kwa kidole gumba kila siku, hata kanisani, na watu wakadhani naomba. Sasa kidole kiliteleza tu.

Nikampigia ndugu yangu simu.

"Umesugua na nini?"

"Na waya."

"Waya tu?"

"Na jivu. Kidogo."

"Wewe mama! Ati hiyo ni sufuria?"

Ananiita mama tangu utotoni kwa sababu nina jina la nyanya yetu, mama wa baba, na baba mwenyewe aliniita hivyo. Nikamwambia nitaituma kwa gari la mizigo.

"Mimi sitaki bangili peke yake, nataka na mkono. Lazima niinyooshe ndiyo nichonge. Kuikunja tena nitaikunjia wapi? Kwa mguu wa meza? Weusi si shida, naifungia kwenye kopo na mayai ya kuchemsha, inashika. Lakini magamba umeyala, bana." Kisha sauti ikashuka. "Na usikawie. Macho yanakataa vitu vidogo. Mvua hii ikiisha nafunga hiyo kazi ya kuchonga."

Sijakanyaga nyumbani Bungoma tangu mazishi ya mama. Si Ulaya, najua. Safari yangu ndefu mwaka huu ilikuwa soko la Ndalu, na nilirudi nikijisifu kama mtu aliyetoka Makka. Kila Krismasi nilikuwa na sababu: ng'ombe, mahindi, goti. Ukweli ni kwamba naogopa kuingia jikoni mle nikute magunia yamesimama tu, hakuna kinachopita katikati yake. Hapa Kitale naweza kudhani mama yuko huko, ana shughuli zake. Nikienda nitajua hayuko. Nisipoenda, mtu pekee aliyeuona mkono ule pamoja nami ataweka tindo chini, na magamba yale hayatachongwa na mwingine yeyote.

Nikavuka ua hadi kwa jirani, mwanamke ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Murang'a, na ambaye hajawahi kunionea huruma bila kunichapa kwa maneno kwanza. Nikamweleza yote. Nikalia kidogo. Nikamwambia natamani sana kwenda, basi tu ng'ombe yuko karibu kuzaa, na mvua nayo, na mahindi hayajakauka, labda mwezi ujao.

Akanitazama huku akipangusa unga mikononi.

"Ng'ombe yako nitazalisha mimi, mahindi nitaanua mimi. Mama yako amekufa, hata ukikaa hapa amekufa. Huyo ndugu bado ana macho. Toka kwangu, enda ukafunge mzigo."