Jumamosi za Mogaka

Leo nimemwomba Mogaka msamaha, miaka mingi baada ya kosa.

Miaka ya sabini nilikuwa karani Kenyenya. Nilikimbia kila asubuhi bila kukosa.
Mogaka, fundi wa nguo, alikimbia nami, ila Jumamosi alipumzika.
"Sabato ni Sabato, ndugu yangu."
Nikamwita mvivu, tena mbele ya watu.

Siku ya mashindano nilitangulia hadi mlima wa mwisho. Hapo nikabanwa na misuli, nikaanguka.
Mogaka akanifikia. Nilingoja anicheke.
Akasimama, akaninyoosha mguu, kisha akaenda akashinda.

Leo nimemkuta sokoni Birongo, nikamwambia yote.
Akatabasamu. "Mimi nilishasahau. Mke wangu ndiye bado anakusema."

Nyinyi wakimbiaji, mnapumzika siku gani?